Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy: Kadhi aliyetufundisha hesabu



Ukilitaja jina la Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy mbele ya wazee wa Tanga, utasikia dua kwanza ndipo mazungumzo yaendelee. Wanamjua kuwa alikuwa Kadhi. Wanamjua kuwa baba yake ndiye yule mshairi wa utenzi wa vita vya Wadachi. Wengine wanacho kitabu chake cha Nikahi kabatini. Lakini leo nataka nimzungumze kwa upande ambao sijapata kusikia mtu akimtaja nao, nao ni upande wa hesabu. Nimefanya kazi ya kuwafundisha hisabati walimu wa shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na nakiri mbele yenu kwamba kitabu kilichonifungua macho katika somo la sehemu sikukipata katika maktaba ya chuo chochote cha ualimu. Nilikipata Muheza kwa mzee mmoja wa madrasa, hakina jalada, kurasa zake zimeshonwa kwa uzi wa gunia.

Kitabu hicho kinaitwa Mirathi. Kilichapishwa mwaka 1923, kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi wake ni Sheikh Ali, na aliyekitafsiri na kukiandikia utangulizi na maelezo ni afisa mmoja wa Kiingereza aliyeitwa P. E. Mitchell. Huyu Mitchell baadaye alipanda vyeo mpaka akawa Gavana wa Uganda, kisha Fiji, kisha Kenya, na vitabu vya historia vinamwandika sana. Sheikh Ali alibaki Tanga na watu wake.

Mimi ni mzaliwa wa Bulwa. Wengi wakisikia Usambara hufikiri Lushoto tu, na viazi na mapeasi. Sisi tuko upande wa mashariki, unapanda kutoka Muheza kupitia Amani, mvua haikatiki, na ukiamka asubuhi unaona chai mpaka macho yanachoka. Baba yangu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai, na pembeni akawa na shamba lake mwenyewe la iliki na mikarafuu, ekari 6 kwenye mteremko. Nawataja kwa sababu hizo ekari 6 zitarudi katika maelezo haya, na ndizo zilizonifanya nimtafute Sheikh Ali.

Tumuanze yeye kwanza. Alizaliwa karibu na mwaka 1891. Msomaji akumbuke hiyo ni miaka gani katika pwani yetu. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kutwaa miji ya Mrima, watu wakapambana nao chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na mwaka 1889 majeshi ya Wissmann yakauvunja upinzani ule. Baba yake, Sheikh Hemed bin Abdallah al-Buhriy, aliyaona hayo, akayaandika kwa beti katika utenzi wake juu ya vita hivyo, wa mwaka 1307 wa Hijria. Alikuwa mwanachuoni, na tenzi zake nyingine, ule wa Abdirrahmani na Sufiyani na ule wa Sayyidna Husein, zimesomwa katika nyumba nyingi za pwani. Kwa hiyo Ali alizaliwa katika nyumba yenye vitabu na wino, lakini katika nchi ambayo wenyewe walikwisha kushindwa.

Hapa pana jambo ambalo nadhani ndilo lililomtengeneza mtu huyu. Tanga aliyokulia yeye ilikuwa na njia mbili za elimu zinazotazamana. Upande mmoja chuo, yaani madrasa, ambapo mtoto anaanza alifu kwa kijiti, anahitimu Qur'an, na akiwa na akili anaendelea na fiqhi na nahau. Upande wa pili skuli ya serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890, ambapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kirumi, hesabu zikafundishwa kwa ajili ya makarani, na walimu wenyeji wakafundwa kupelekwa katika skuli za bara. Pale pale skulini ndipo lilipopigwa chapa gazeti la Kiongozi. Vijana wengi wa Kiislamu wa Tanga walipita hapo wakatoka maakida na makarani. Sheikh Ali alitoka katika njia ya kwanza, njia ya baba yake. Lakini maisha yake yote ya kazi yaliangukia pale njia hizo mbili zinapokutana.

Vita vya kwanza vya dunia vilifika Tanga mapema. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wao kutoka Bara Hindi, wakapigwa vibaya na jeshi la von Lettow-Vorbeck, wakarudi melini wakiacha silaha nyingi ufukweni. Waliuchukua mji mwaka 1916. Sheikh alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu wakati huo. Wajerumani wakaondoka, na mabwana wapya walipokuja walikuta shida ambayo mabwana wote huikuta: watu wanakufa, wanaacha nyumba, minazi, ng'ombe, madeni, na warithi wanakuja mahakamani. Waislamu wa pwani wanarithiana kwa sharia yao. Afisa wa Kiingereza aliyekaa kwenye kiti cha hakimu hajui sharia hiyo, na hata akiambiwa kwamba mke anapata thumuni na mama sudusi, hajui afanye nini na hizo thumuni na sudusi ili urithi wote ugawike bila kubaki kitu na bila kupungua.

Ndipo Sheikh Ali, naye akiwa Kadhi wa Tanga, alipoandika Mirathi. Kwa hesabu yangu alikuwa na umri wa karibu miaka 32. Nalisema hili kwa vijana wetu, kwa kuwa picha tuliyonayo ya masheikh wakubwa ni ya wazee wenye ndevu nyeupe tu. Katika kitabu hicho aliweka pia nyongeza juu ya wasia na hiba, kwani anayetaka kukwepa mirathi huanzia hapo.

Wapo watakaosema kitabu kile kilikuwa ni cha kuwasaidia wakoloni. Ni kweli kwamba kiliwasaidia. Bila shaka Mitchell alikitaka kwa ajili ya maafisa wenzake. Lakini mimi nimekiona mikononi mwa nani? Mikononi mwa mwalimu wa madrasa wa Muheza, aliyekuwa akikitumia upande wa Kiswahili, na ule upande wa Kiingereza hajapata kuusoma hata mstari mmoja. Kabla yake, anayetaka kujifunza mirathi ilimpasa asome Kiarabu kwa miaka kadhaa ndipo afike kwenye vitabu vya fiqhi. Baada yake, mtu anayejua kusoma Kiswahili ameweza kukaa na kugawa. Hiyo kwangu ni kazi ya mwalimu wa walimu.

Sasa niseme kwa nini naiita hesabu, maana naona kuna ndugu anakunja uso akidhani napamba.

Sehemu zilizotajwa katika Suratun Nisaa ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mgawaji anapoletewa warithi, kazi yake ya kwanza ni kutafuta namba moja ambayo sehemu zote zinazohusika zinagawika ndani yake. Wanachuoni wanaiita asili ya masuala. Mke na watoto na mama wakiwepo, unahitaji thumuni na sudusi, asili inakuwa 24. Msomaji aliyefika darasa la tano anaitambua hiyo: ndiyo KDS, kigawe kidogo cha shirika. Na lile neno tunalowafundisha watoto shuleni kwa namba ya chini ya sehemu ni lipi? Ni asili. Neno ni hilo hilo. Nimesimama mbele ya ubao miaka na miaka nikiandika kiasi juu na asili chini, wala sikuwahi kujiuliza neno hilo limetoka darsa gani.

Kisha kuna masuala ambayo sehemu zinazidi kizima. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume ana nusu, madada wana thuluthi mbili. Jumlisha: 3 katika 6 na 4 katika 6, ni 7 katika 6. Mali ni moja, madai yamezidi. Jambo hili lilimfikia Sayyidna Umar (r.a.) katika ukhalifa wake, akashauriana na Maswahaba, na rai iliyoshika ni kuigeuza asili kutoka 6 kuwa 7, mume achukue 3 na madada 4, upungufu uwaguse wote kwa kadiri ya sehemu zao. Hiyo ndiyo awl. Ipo na ile masuala mashuhuri ya mimbari ambayo Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa katikati ya khutba: mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili ni 24, mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4, jumla 27. Akajibu pale pale bila kushuka kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa, akaendelea na khutba yake. Nimewapa hesabu hiyo walimu wenye vyeti na kalamu mkononi, wakachukua dakika 20.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad kitabu cha al-jabr wakati wa Khalifa al-Maamun, kitabu ambacho dunia nzima imeita aljebra kwa jina lake, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliitumia kwa masuala ya wasia na mirathi. Hesabu ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Sheikh Ali hakuvumbua kanuni mpya ya hisabati, na simsingizii. Alichofanya ni kuileta kazi hiyo ya miaka elfu na zaidi katika lugha ya watu wa Mrima.

Nirudi kwetu Bulwa. Baba yangu alifariki mwaka 1983. Aliacha mke, ambaye ni mama yangu. Mama yake mzazi, yaani bibi yetu. Watoto wa kiume wawili, kaka yangu na mimi. Na mtoto wa kike mmoja, dada yetu mdogo. Baada ya arobaini wazee wa ukoo walikaa barazani. Shamba la ekari 6 likakatwa katikati, ekari 3 kwa kaka na 3 kwangu. Mama akaambiwa nyumba ni yake mpaka afe. Bibi akaambiwa atalishwa na wajukuu. Dada akaambiwa ataolewa, na mume wake atakuwa na shamba. Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa nimekaa pale, mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu, ndiye msomi wa ukoo, na karatasi ya mgawo ule niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Nilijua kuwa dada ana haki. Nilijua sharia inamtaja. Lakini ni kiasi gani? Sikujua kupiga hesabu yake, na niliona aibu kusema sijui mbele ya wazee walioniita mwalimu. Basi nikanyamaza.

Niwaeleze kidogo nilikuwa nafundisha nini wakati huo. Miaka ya 1960 zilikuja hizi zilizoitwa hisabati za kisasa. Wataalamu wa Kimarekani na Waafrika walikutana Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 1962, wakaandika vitabu, na watoto wa shule wakaanza kufundishwa seti kabla hawajajua kugawa vizuri. Tanzania tuliachana nazo katika miaka ya 1970, nami nililelewa kikazi katikati ya kuja kwake na kuondoka kwake. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977. Walimu walihitajika kwa maelfu. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu vijijini kwa masomo ya posta na redio. Nimepanda milima hii kwa miguu kuwakagua. Walikuwa na moyo, wallahi. Lakini ukimwomba ajumlishe thumuni na sudusi, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anakupa 2 katika 14. Na sisi wakufunzi dawa yetu ilikuwa ile ile, kata chungwa, kata mkate, paka rangi duara. Chungwa linakatika nusu na robo vizuri. Nani amewahi kukata chungwa vipande 24?

Tena niseme na hili, kwa kuwa linachekesha. Kijana mmoja wa pwani alinibishia darasani kwamba thumni haiwezi kuwa moja ya nane, kwa sababu dukani thumni ni senti 50, nayo ni nusu ya shilingi. Darasa zima likamuunga mkono. Sikuwa na jibu la maana siku hiyo.

Mwaka 1991, nikiwa safarini Muheza, niliswali Ijumaa nikakaa na yule mzee wa madrasa. Nikamsimulia mambo ya shamba la baba, kwa kuzungukazunguka kama mtu anayemuulizia rafiki yake. Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na Mirathi ya Sheikh Ali, akanipa ubao wa mtoto na chaki, akaniambia niwapange warithi mstari mmoja. Tukaanza.

Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni. Mama, kwa kuwa kuna watoto, ana sudusi. Asili 24: mke 3, mama 4. Yamebaki 17 kwa watoto, wa kiume sehemu mbili na wa kike moja, hivyo 2 na 2 na 1, jumla 5. Lakini 17 haigawiki kwa 5. Mzee akasema hapo ndipo panapoitwa kusahihisha: zidisha asili kwa 5. Inakuwa 120. Mke 15, mama 20, kaka 34, mimi 34, dada 17. Nikajumlisha mara mbili. 120 kamili.

Mzee hakuishia hapo. Akauliza kama bibi yupo hai. Bibi alikuwa amefariki mwaka 1987, kabla hajapewa chochote. Akasema basi haki yake haikufa naye. Ameacha nani? Ameacha binti mmoja, shangazi yetu, na sisi wajukuu watatu wa mwanawe aliyemtangulia. Mtoto wa kiume aliye hai hakuwa naye. Shangazi ana nusu ya zile 20, yaani 10. Zilizobaki 10 ni za wajukuu, 2 kwa 2 kwa 1: kaka 4, mimi 4, dada 2. Kwa hiyo kaka 38, mimi 38, dada 19, mama 15, shangazi 10. Ukijumlisha unarudi kwenye 120. Wanachuoni wanaliita jambo hilo munasakha, pale mrithi anapokufa mali haijagawiwa, na kwa mtu wa hisabati ni sehemu ya sehemu, somo ambalo wanachuo wangu walilichukia kuliko yote.

Nilitoka pale nimeshika karatasi, na jasho linanitoka. Nilikuwa nimekula ekari 1 na sehemu 1 ya kumi isiyokuwa yangu kwa miaka 8.

Sheikh Ali alikuwa amekwisha kufariki zamani. Baada ya Mirathi hakutua kalamu. Katika miaka ya 1930 aliandika Habari za Mrima katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka ule ule wa 1923 chini ya Idara ya Elimu. Wanahistoria wa pwani wanaitumia kazi hiyo mpaka leo wanapotafuta habari za miji yetu kabla ya Wajerumani. Huku akiendelea na ukadhi na kusomesha. Akaandika na Nikahi, juu ya sharia za ndoa, ambacho kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, yule yule aliyeuhariri utenzi wa vita wa Sheikh Hemed. Sheikh Ali hakukiona kikitoka, kwani alifariki mwaka 1957. Mwanawe, Sheikh Muhammad bin Ali, naye akawa mwanachuoni wa kutajwa Tanga. Baba, mwana na mjukuu, watatu mfululizo wenye kalamu. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Ukivitazama vitabu vyake viwili vya sharia utaona alivyochagua. Hakuandika juu ya mambo ambayo wanachuoni wanabishania barazani. Aliandika juu ya ndoa na kifo, mambo mawili yanayoingia kila nyumba, na ambayo asiyejua huonewa. Na katika hayo mawili, lile la kifo haliwezi kufanywa na mtu asiyejua hesabu, hata awe na hofu ya Mungu kiasi gani.

Mahakama za kina kadhi Tanzania Bara ziliondolewa mwaka 1963, ilipotungwa sheria mpya ya mahakama za mahakimu, na mjadala wa kurejeshwa kwake wasomaji wa safu hii wanaujua, sina haja ya kuuingia. Ila natazama kwa jicho la mkufunzi. Kadhi alipoondoka, mgawo wa mirathi ulirudi mikononi mwa wazee wa ukoo na imamu wa mtaa. Nani aliwafundisha hesabu hiyo? Shuleni tuliona ni dini, tukaiacha. Madrasa nyingi ziliona ni hesabu, zikaiacha au zikaiweka mwisho kabisa, mtoto anahama au anaolewa kabla hajaifikia. Sheikh Ali alisimama mahali ambapo baada yake hatukumweka mtu.

Sikusema maneno haya chuoni kwetu kwa sauti kubwa. Mtaala ni wa wote, na darasani nilikuwa na wanachuo Wakristo na Waislamu. Nilichofanya ni kuwapa hesabu zenyewe bila jina. Nilibandika karatasi ukutani: shamba la miti 120 ya mikarafuu, watu watano, mmoja ana thumuni, mmoja sudusi, na mabaki yagawiwe 2 kwa 2 kwa 1. Zana za kufundishia zilikuwa mbegu za mahindi 120 kwa kila meza. Nakumbuka binti mmoja kutoka upande wa Mlalo, Mlutheri, aliyekuwa akilia kila jaribio la hisabati. Alipanga mbegu zake, akahesabu, akapanga tena, kisha akauliza kwa nini asili isiwe 24 tu. Wenzake wakamwonyesha zile 17 zisizogawika kwa 5. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza darasa linaihitaji KDS wao wenyewe, badala ya kuikariri kwa sababu ya mtihani. Wiki hiyo tulikwenda mpaka kwenye zile 7 katika 6 za mume na madada wawili, na ubishi wake ulitoka darasani ukaingia bwalo la chakula.

Kuna ukosoaji wangu pia, maana si vizuri kusifu tu. Elimu hii ya mirathi kama nilivyoikuta katika madrasa zetu inafundishwa kwa kukariri. Mwanafunzi anaambiwa hali hii asili yake 24, hali ile asili yake 12, anashika. Ukibadilisha warithi kidogo anapotea. Yule mzee wa Muheza mwenyewe hakuweza kunieleza kwa nini tunazidisha kwa 5 na si kwa 10, alijua tu kwamba ndivyo. Hapo sisi wa vyuo vya ualimu tungekuwa na la kuchangia, kama tungekaa pamoja. Hatujakaa.

Kuhusu Bulwa, nilipanda mlima mwezi ule ule. Nilianza na dada, na alipoona karatasi hakusema kitu, aliingia jikoni. Kaka alikaa siku tatu hazungumzi nami. Alikuwa amekwisha kupanda iliki katika ekari zake zote tatu, na mteremko wake ndio mzuri zaidi, una maji. Siku ya nne alikuja yeye mwenyewe alfajiri na kamba ya katani yenye mafundo, akataka nimwonyeshe tena zile 20 za bibi, kwa sababu hizo ndizo hakuzielewa. Nikampangia mbegu za mahindi kizingitini. Alizihesabu mara tatu.

Tulipima siku mbili kwa sababu ya mvua. Dada alipata ekari 1 kasoro kidogo, upande wa kijito, kaka akamwachia na iliki zilizokuwemo. Mama alipata robo tatu ya ekari nyuma ya nyumba. Shangazi, kikongwe, alibebwa na wajukuu zake kuja kuiona nusu ekari yake, akakaa juu ya jiwe akatuamuru tung'oe migomba yote tupande mdalasini.